Radi na Kinanda cha Kwaya

Jumamosi, Kitale

Kinanda kiko salama, asante Yesu. Lakini nimekosana kidogo na Dada Nekesa, aliyekuja jana kutoka Kanduyi kunitembelea.

Mwalimu wa kwaya aliniletea kinanda nikiwekee programu mpya hapa nyumbani, maana kanisani stima hupotea sana. Alinionya: programu ikianza kuingia, stima isikatwe, la sivyo kinanda kinakufa kabisa. Na kesho ni ibada ya mavuno.

Programu ilikuwa imefika nusu radi ilipopiga. Dada akarukia swichi. Kwetu Bungoma radi ikinguruma kila waya huchomolewa, hata mimi nimelelewa hivyo.

"Wewe, unataka tuchomeke kwa ajili ya kinanda?"

"Dada, ngoja dakika tano. Si tuombe tu?"

"Omba wewe. Mungu alinipa mkono wa kuzima, bana!"

Nikasimama mbele ya swichi, nikamshika mikono yote miwili, nikaanza kuomba. Ukweli ni kwamba nilikuwa namzuia.

Programu ikakamilika. Akachomoa waya kabla sijasema amina.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ningetazama mawingu kabla ya kuanza, nisingelazimika kutumia maombi kama...

Asubuhi nitamwomba Dada msamaha, kabla sijakigusa kinanda.