Jina Lako Katika Orodha ya Wadai

Karakanani, nyuma ya soko,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima. Mke wangu anakusalimu. Amelala mchana huu, na siku hizi hulala kila apatapo nafasi.

Dada, nimechoka. Mwenye hoteli aliyeagiza vitanda arobaini alifunga hoteli kabla hajanilipa, na mbao nilikuwa nimezikopea benki. Nimehangaika mwaka mzima, mwisho maji yakazidi unga. Mwezi uliopita nilikwenda mahakamani kuomba nitangazwe mufilisi.

Sasa kila mtu ana swali. Mama Mdogo anauliza kama nitafungwa. Hapana, kufilisika si jinai. Kuficha mali ndiyo jinai. Mama mkwe anauliza kama sufuria alizompa binti yake zitapigwa mnada. Hazitaguswa, ila nilimwacha ahangaike wiki nzima, maana aliwahi kuniita mvivu.

Randa na misumeno watu wa mahakama wameniachia nipate riziki. Mashine kubwa ya kupasulia mbao wameichukua. Waliiburuta sakafuni kama gunia la mkaa, na hilo ndilo lililoniuma.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Afisa wa ufilisi alinipa fomu niorodheshe wadai wangu wote. Nikaandika benki, mwenye jengo, muuza mbao, hata fundi rangi. Wewe sikukuandika. Uliuza kiwanja chako ukanipa fedha zote, nami nikaona undugu hauandikwi kwenye fomu. Nikala kiapo, nikatia sahihi.

Siku ya mahojiano afisa akaziona fedha zako kwenye taarifa ya benki, akauliza zilitoka wapi. Nikamwambia, "Ni za dada yangu."

"Basi dada yako naye anakudai, bwana. Mwandike, la sivyo umeidanganya mahakama."

Nikakuandika wa tano. Niliona aibu ambayo sikuiona hata mashine ilipokuwa ikitoka mlangoni.

Utaletewa barua yenye muhuri wa mahakama. Itasema utapata sehemu ndogo, pengine usipate kitu, na kwamba baadaye sheria itanifutia deni. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Nisamehe, Dada. Nilimwuliza afisa kama nikishafutiwa madeni naweza kukulipa kwa hiari yangu, akasema hakuna atakayenizuia. Sijui nitaanzia wapi.

Ndani ya barua hiyo kuna fomu ya madai. Nakujua: utaikunja na kusema, huyu ni mdogo wangu, nimdai nini? Ukifanya hivyo, fungu lako watagawana benki na muuza mbao.

Nisalimie Shemeji, Kidosho na yule mtundu wenu. Mungu awalinde, na akupe usingizi ambao mimi sina.

Ijaze fomu hiyo, uandike kiwanja chote, usinipunguzie hata senti. Nakusihi, Dada, nidai.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, seremala