Jogoo wa Bi Mwanasha

Tiwi, Jumanne, Machi 1998

Sitaomba radhi. Asubuhi daktari mgeni alitufundisha sisi wauguzi kuhusu asidi ya hayaluroni, ule ute unaolainisha goti. Alisema seli ina kipokezi cha asidi hiyo, kama mkono wa kuipokea, na haishiki ila kile inachokitambua.

Kisha akataka kumdunga Bi Mwanasha, mgonjwa wetu wa goti. Dawa yenyewe ni asidi hiyo hiyo; alimweleza imetolewa kwenye undu, ile nyama nyekundu ya kichwani mwa jogoo. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, jogoo huyo alichinjwa kwa bismillahi?"

Daktari akacheka. Nikaifunika sindano, nikamwambia hadungwi mtu mpaka waliotengeneza dawa walijibu swali la Bibi. Akasema nitafukuzwa. Naogopa, kweli, lakini...

Kama seli isiyoonekana kwa macho inachagua cha kupokea, sembuse Bi Mwanasha mwenye akili zake?