Kengele ya Pili

Sidonie, Tancrède amekosa kikao alichokiitisha mwenyewe. Mwenyewe!

Ndiye yule Mparisi jirani wa kanisa. Alitaka kengele inayopiga hesabu ya kila saa mara mbili iache kuirudia, kwa kuwa mwenye akili huhesabu mara moja. Meya akakubali ijaribiwe hivyo leo, kabla ya kura ya kikao jioni.

Simu huizima, kwa ajili ya utulivu, hivyo saa huijua kwa kengele tu. Alikuwa bafuni, pigo la kwanza likampita, akahesabu pungufu, akaona bado ana saa nzima.

Saa nzima, Sidonie! Akaingia viti vikikunjwa.

"Kura je?"

"Imekwisha, mwanangu," akasema Bibi Honorine, akikunja kiti. "Kengele itarudia."

"Lakini nilihesabu!"

"Mara ngapi?"

 Akamwomba katibu, kwa adabu kubwa, aandike kwamba naye ameunga mkono kengele irudie.