Mwanamke Anayevaa Nguo Zangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mume wangu hajarudi mwisho wa mwezi, maana nyumbani kwangu sielewi tena. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na tangu mume wangu apate kazi ya mbali nimebaki na mama yake, ambaye kumbukumbu zimemtoka, anaweza kuuliza "Mwanangu amekula?" mara thelathini asubuhi moja, na mimi ninayeongoza maombi ya akina mama kanisani namjibu vizuri mara kumi, halafu kitu kinanipanda kooni nafoka mpaka majirani wanafunga madirisha.

Siku moja, nikiwa nimeshatulia, alinijia akaninong'oneza, "Mwanangu, yule mwanamke ameondoka?"

"Mwanamke yupi, mama?"

"Yule anayevaa nguo zako. Usimfungulie tena."

Nilichungulia nyuma ya mapazia na chini ya vitanda, mchana kweupe, hakuna mtu. Tangu hapo anaegemeza kiti mlangoni mwa chumba chake, anaficha mkate chini ya mto na kuniambia, "Huu wako, yule asiuone." Niliwaita akina mama wa kanisa wakakemea pepo nyumba nzima, yeye akakaa tu akiwatazama kwa huruma.

Juzi alimwaga chai kwenye gauni la bibi harusi, nikamkamata mkono nikamtikisa mbele ya kioo kikubwa cha wateja. Hakulia. Alitazama kioo, akanyoosha kidole taratibu.

"Ndiye huyo."

Nilimwona, mshauri: meno nje, macho yamemtoka, na kwa kitambo kidogo sikumtambua. Sasa alama za vidole vyangu ziko mkononi mwa mama, anazipapasa na kuniuliza nani kamuumiza. Je, nimeingiwa na pepo? Nimwambie nini mume wangu?

Fundi mwenye hofu

*

Fundi, pole. Kumtunza mtu asiyekumbuka kunachosha mpaka mifupa. Lakini unatamani liwe pepo kwa sababu pepo likikemewa linatoka, na wewe unabaki msafi. Kanisani hujawahi kumfokea mtu hata siku moja, sivyo? Basi breki unazo. Unazifunga tu mbele ya watu wanaokumbuka.

Kristo hakudai usikasirike kamwe. Anachodai ni usimgeuzie hasira mtu asiyeweza kujitetea. Ikikufika kooni, zima cherehani, toka nje, sema, "Bwana, nizuie," na usirudi mpaka pumzi itulie. Chai ikimwagika, iache imwagike. Nguo za wateja zihamishie chumba kingine. Hao akina mama waite tena, safari hii uwaambie ukweli, na wakupokee zamu alasiri mbili kwa wiki. Hayo nayo ni maombi.

Mpeleke mama zahanati mkono uangaliwe. Mume wako mpigie simu leo hii, usingoje azione alama mwenyewe. Mwambie, "Nilimuumiza mama." Ukianza na "ilitokea bahati mbaya," kata simu uanze upya.

Kisha kaa kitandani karibu na mama, umwombe msamaha. Atakushika kichwa, atakubariki, na baada ya nusu saa atakuwa amesahau yote.

Kesho mwombe tena.