Wimbo wa Kisima cha Rooble

Garissa, 12 Januari 2025

Habaryar Muslimo, mama yangu mdogo,

Assalamu alaykum. Natumai mu wazima wote huko Eldas, na magoti ya ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, yametulia. Mimi ni mzima, ila joto la Garissa linatukaanga bila mafuta. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu mlingoti wa mtandao uanguke. Kadar wa gari la maziwa ndiye atakayekuletea. Ningemwamini zaidi kama hangependa habari za watu kuliko usukani wake.

Habaryar, nina jambo, na tafadhali usimwambie aabo, baba yangu. Hapa chuoni wasichana wote wameshikwa na filamu moja ya katuni, ngano ya kuimba. Kuna binti mfalme, Nuruwa, nchi yao imekauka na malkia mbaya amekifunga kisima. Nuruwa anakiimbia kisima mpaka maji yanapanda. Tumeitazama mpaka Fosia, tunayelala naye chumba kimoja, anaongea usingizini kama malkia. Huko mtandaoni watu wanagombana kama wamefiwa: wengine wanasema Nuruwa hakumstahili yule mwana mfalme, wengine wanamtetea malkia kwamba alionewa utotoni. Kuna mwanamume na ndevu zake amejirekodi akilia.

Sasa mashabiki wameanzisha mchezo, kila mtu auimbe wimbo wa kisimani kwa lugha ya kwao. Nami nimeimba. Sura sikuonyesha, wallahi, ni mikono tu, namimina maji kwenye karai. Maneno ya filamu hayakutaka kukaa kwa Kisomali, kwa hiyo nikachukua yale yetu ya kunyweshea ngamia, ambayo ayeeyo alikuwa akiniimbia nikienda kulala: "Rooble alichimba, Rooble anywe kwanza, wengine wangojee."

Habaryar, watu wameupenda! Mmoja ameandika, "Nimelia na sijaelewa hata neno." Wa Nairobi kaandika, "Huyu dem ameua!" Mashabiki wa Nuruwa sasa wakitaka kuwachokoza wapenzi wa filamu nyingine wanawaandikia tu, "Wengine wangojee."

Kitu kimoja ndicho kinanitia hofu, aabo asije akasikia kwamba binti yake anaiimbia dunia. Unamjua akikasirika. Lakini nani atanijua kwa mikono?

Mwanao,
Idman


Eldas, 19 Januari 2025

Mwanangu Idman,

Waalaykum salaam. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, na ayeeyo anakusalimu. Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipomaliza nikakaa chini.

Ufute wimbo huo. Ufute kabla hujamaliza kusoma, kisha urudi nikueleze.

Unauliza nani atakujua. Mwanangu, umekaa mjini mpaka umesahau? Kila boma lina wimbo wake wa kunywesha. Ngamia wakiwa bado vumbini, mtu akisikia tu wimbo anajua ni wa nani wanaokuja. Wewe umeficha uso ukataja jina la babu wa baba yako, mtu aliyekichimba kisima.

Na lile neno la mwisho halisemwi tena. Ulikuwa mdogo, mkaambiwa adeer yako Khalif, ndugu wa baba yako, aliporomokewa na kisima. Si kweli. Mwaka ule wa ukame mkubwa watu wa Barre, mzee wa boma la jirani, walikuja ngamia wetu wakiwa bado wananywa. Khalif alikuwa chini kisimani anapandisha ndoo, akawaimbia "wengine wangojee". Akarudia na kurudia, anawacheka. Watu wakapigana, na kufika alasiri Khalif alikuwa amekufa, na mdogo wa Barre naye amekufa. Wazee walikaa mpaka wakapatana: damu isamehewe, kisima kiwe cha zamu, na maneno yale yasiimbwe na mtu, hata kwa mnyama. Ayeeyo alikuimbia wewe chini ya shuka kwa sababu Khalif alikuwa mwanawe. Sikuwahi kumkataza. Nani angemkataza mama?

Kaka yako Hanad ndiye anayekwenda kisimani siku hizi. Ninaogopa, Idman. Sijui kulisema vingine.

Habaryar wako,
Muslimo


Garissa, 23 Januari 2025

Habaryar mpendwa,

Assalamu alaykum. Sitauliza kama mu wazima, nitaomba tu iwe hivyo.

Nimefuta. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshaunakili, wameutilia ngoma, wameuweka chini ya picha za Nuruwa akipigana na malkia. Nimewaandikia kuwaomba wautoe. Mmoja amenijibu kwa vicheko tu. Mwingine ameniuliza nina cheti gani kwamba sauti ni yangu.

Jana mtu aliuliza chini ya wimbo, "Rooble ni nani katika filamu?" Wakaanza kubishana, huyu anasema ni baba wa Nuruwa, yule anasema ni jini wa kisimani. Halafu akaja mmoja asiye na picha, akaandika kwa Kisomali: "Rooble tunamjua. Kisima tunakijua. Tutaona nani atangoja." Mashabiki wamemwekea mioyo. Wamedhani anaigiza malkia!

Silali, habaryar. Nikifumba macho namwona Hanad yuko chini kisimani anatazama juu. Mwambie asiende. Mwambie ni mimi.

Mwanao,
Idman


Eldas, 1 Februari 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Tungali wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mtu anabisha hodi na habari nyingine.

Wimbo umefika. Vijana walitoka nao Wajir kwenye simu, wakagawana. Wanafunzi wangu wa darasa la nne wanacheza Nuruwa uwanjani, mmoja kasimama juu ya ndoo na wenzake wanamwimbia mtoto wa watu wa Barre kwamba angoje. Niliwanyamazisha kwa ukali hata mimi nikajishtukia. Msichana mmoja akaniambia, "Lakini mwalimu, ni katuni."

Watu wa Barre wanaamini wanaume wetu ndio waliotia maneno yale katika kinywa cha msichana ili kuvunja mapatano. Vijana wao sasa wanakuja kisimani bila ngamia. Unanielewa? Mtu anakuja kisimani hana hata mbuzi wa kunywesha, anakaa juu ya mawe anatazama. Hanad alirudi juzi na jeraha kichwani. Anasema aliteleza. Nami nikafunga kitambaa nikajifanya nimeamini. Hawezi kuacha kwenda, ngamia hawajui habari za mashabiki.

Baba yako aliusikiliza mara moja, akairudisha simu kwa mwenyewe, akasema, "Ni Idman." Ungekuwa umeona uso wake usingekuwa na swali la kama atakasirika. Yule mtu anaogopa.

Barre ametuma neno kwa wazee: kama ni mtoto aliyekosea, mtoto aseme mwenyewe, na uso wake uonekane. Sauti isiyo na uso wao wataihesabu kuwa neno la wanaume wetu. Kabla ya zamu yetu ijayo wawe wamejibiwa.

Sikulazimishi. Ukionyesha uso, haurudi tena ndani.

Habaryar wako,
Muslimo


Garissa, 4 Februari 2025

Habaryar mpendwa,

Assalamu alaykum. Ndani ya bahasha hii, kwenye kipande cha nailoni, kuna memori kadi. Uikague kabla Kadar hajaondoka, asije akawa ameidondosha njiani.

Nimejitanda vizuri nikakaa mbele ya simu, Fosia akiwa ameishika kwa mikono miwili. Nimesema jina langu na la aabo, Idman binti wa Warfa. Nimesema hakuna mwanamume aliyenituma, sikujua maneno yale yalizika watu, nayaacha leo na sitayaimba tena. Nimewataja wote wawili, Khalif na yule mdogo wa Barre, nikawaombea rehema. Sikuimba.

Nimeiweka mtandaoni pia, ili asiseme mtu kwamba nimejificha. Mashabiki hawakuipenda. "Rudisha wimbo." "Filamu nzuri mnaiharibu na siasa." Wengine wamedhani ni tangazo la sehemu ya pili ya filamu, wananiuliza inatoka lini.

Kadar amesema kwenye kizuizi cha polisi huwa wanampekua. Aliwahi kuwaambia, "Hii barua ya mwalimu, bolisi, hakuna kitu mbaya," wakampitisha. Leo nimemwomba aseme hivyo hivyo.

Mwambie aabo... Sijui. Mwambie nimesalimu.

Mwanao,
Idman


Garissa, 10 Februari 2025

Habaryar,

Assalamu alaykum. Gari la Kadar limekuja bila barua. Zamu yetu ilikuwa jana, au ni leo? Nilimuuliza kuhusu kisima, akaanza kufunga madumu ambayo tayari yalikuwa yamefungwa. Akasema, "Muombe Mungu, dada."

Niandikie hata neno moja. Andika jina la Hanad tu.

Idman


Eldas, 11 Februari 2025

Mwanangu Idman,

Hanad ni mzima. Nimeanza na hilo, salamu zifuate: waalaykum salaam warahmatullahi.

Kadar aliondoka kabla ya zamu, hakuwa na la kukwambia. Jana nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kwenda zahanati, nikaenda kisimani pamoja na ayeeyo juu ya punda. Watu wa Barre walikuwa wamejaa, ngamia wao hamna. Baba yako alimpelekea Barre simu mkononi. Barre akatazama uso wako mpaka mwisho, akaomba airudie pale ulipomtaja mdogo wake. Kisha akasema, "Wanywesheni."

Lakini baba yako alikuwa ameapa kwamba watu wetu hawataimba chochote kisimani, hata neno jema, mpaka wazee wakae upya. Hanad akashuka, ndoo zikaanza kupanda, hori likajaa. Ngamia hawakunywa. Wamezoea wimbo tangu wakiwa ndama. Wakasimama juu ya maji wameinua vichwa, wanatutazama, na jua linapanda, na wale vijana kwenye mawe wameanza kucheka. Nilimwona mmoja akisimama.

Hapo Barre akainuka, akaja mpaka kwenye hori. Nikadhani imekwisha. Akaweka mkono shingoni kwa ngamia wetu wa mbele akaanza kuimba, wimbo wa boma lake, ule wenye jina la mdogo wake ndani. Sauti yake imezeeka, inakatika. Ngamia akainamisha kichwa akanywa, na wengine wote wakamfuata. Aliimba mpaka wa mwisho akashiba. Baba yako alivuta ndoo uso umeelekea kisimani muda wote ule. Ayeeyo aliniuliza yule mtoto wa watu aliyekufa pamoja na Khalif aliitwa nani, nikamwambia, naye akalirudia jina taratibu juu ya punda wake.

Hanad amekula, amelala. Ila nikufiche nini? Vijana wao wawili waliondoka kwa hasira Barre akingali anaimba. Leo asubuhi walionekana stendi wakiulizia gari la Garissa. Huenda wanakwenda kwa shughuli zao. Uso wako wameuona, na katika video jina la chuo limeandikwa ukutani nyuma yako, hamkuliona wewe na Fosia.

Usitoke, wala usikubali kuitwa langoni na mtu. Baba yako nilimweleza jambo la stendi akiwa anakunywa chai. Aliacha kikombe akaenda kufunga mzigo wake. Anakuja kesho na lori la mbuzi. Akifika atabisha na kusema jina lake lote, kama ilivyo desturi yake. Mfungulie yeye tu.

Habaryar wako,
Muslimo