Mjinga Asiyetazama Chini

Jumatatu, 4 Desemba 1950

Mvua ya kwanza ya kweli. Kempu nzima inanuka udongo mbichi. Mimi na pasi ya mkaa tangu asubuhi, Memsabu barazani na karata zake. Si karata za kuchezea. Wanaume wa gareji wanazo za kuliana fedha, hizi ni nyingine, za picha — mfalme, mwezi, mnara unaowaka moto. Anazipanga mezani, anazitazama, anawasha sigara. Ramli ya Kizungu! Na kule misheni ya Mnero Sista alitufundisha kwamba ramli ni mambo ya washenzi.

Leo akaniita, akanionyesha moja. Akasema huyu anaitwa Mpumbavu. Neno hilo analijua sana, ndilo analomwitia mtu wa bustani.

Nikaitazama. Kijana, nguo za maua maua, unyoya kwenye kofia. Fimbo begani, kifurushi kimening'inia nyuma. Mkono wa pili ameshika ua jeupe. Mbwa mdogo anarukaruka miguuni. Yeye uso juu, furaha tupu — na mbele yake ukingo wa genge! Akinyanyua mguu tena amekwisha.

Nikamwambia, Memsabu, huyu si mpumbavu, ni msafiri. Njia ya kutoka Msumbiji imejaa watu wa namna hii. Ila mwenye kubeba ua sijamwona bado.

Akacheka. Akasema namba yake ni sifuri, na sifuri si kitu kibaya, ni mwanzo. Huyu hajui lolote bado, kwa hiyo njia zote ni zake. Haya. Kwa Sista sifuri ilikuwa fimbo za mkononi.

Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, akasema wao wanahamia Urambo kabla ya Krismasi. Kazi ya mashamba ya karanga hapa inapunguzwa, kila mtu anaona matrekta yalivyosimama. Bwana anamtaka mume wangu Felisian akawe dereva wake huko. Na yeye ananitaka mimi.

Nikarudi kwenye pasi. Nikaunguza kola.


Jumanne, 5 Desemba

Felisian alikuwa anajua! Bwana alimwambia wiki iliyopita. Kakaa nayo kifuani, anakula ugali wangu, analala kitanda changu, kimya. Nilipomwuliza akasema alikuwa anatafuta pa kuanzia. Mume wangu huyu akiwa juu ya buludoza anang'oa miti mizima, akiwa na neno moja tu mdomoni hana nguvu ya kulitoa.

Sikupiga kelele. Niliosha vyombo, basi. Lakini niliviosha kwa sauti.


Jumatano, 6 Desemba

Tumezungumza vizuri leo. Kazi yake hapa itaisha, hilo halina ubishi. Yeye atakwenda Urambo, hata peke yake. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana nikaogopa.

Mimi nipo katikati. Kwetu Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwao mke. Felisian ni Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, alikuja akajenga kwa mama, akapanda mikorosho kwa mama, kila mtu akamsifu. Sasa mke amfuate mume, tena Unyamwezi, meli halafu gari moshi? Na mama hana binti mwingine. Nikienda, nani atapanda naye mvua hii? Nikibaki, nani kaniambia Felisian atarudi? Wanaume wangapi wa kempu hii wana wake wanaosubiri mahali fulani. Nawapikia chai kila siku, nawajua.

Baadaye, kutuliza mambo, nikamweleza ile picha ya Memsabu. Kwake maana ni moja tu — yule anafuata ndege wa asali! Ndege analia, anaruka mti hadi mti, mtu yuko nyuma yake shingo juu. Nani atatazama chini wakati huo? Babake alitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na mhanga hivyo hivyo, akatoka, akaendelea, na asali akaila. Kisha Felisian akakunja uso. Shoka la kijana yule liko wapi? Kifurushi kile hakitoshi shoka. Basi ujinga wake ni huo. Si kwenda — ni kwenda bila shoka. Akajigonga mfuko wa shati, ilipo leseni ya udereva. "Mimi shoka ninalo."

Nikamwuliza, na mimi ni nani humo, mbwa?

Alicheka peke yake.


Ijumaa, 8 Desemba

Memsabu anataka jibu Jumatatu. Leo nilimwuliza habari za yule mbwa. Anamzuia bwana wake asianguke, au anamhimiza aruke? Akasema hata vitabu vyake havikubaliani. Wengine husema anaonya, wengine anafurahi tu. Nikasema mbwa wa kwetu hubweka akiona nyoka na hubweka akiona padri, sauti ile ile.

Akasema karata hii ilimtokea kabla ya kuja Afrika. Alikuwa kwao, dada yake akamwambia usiende. Nikamwuliza, na sasa unaonaje, ulikuwa mpumbavu? Akatazama mvua. Akasema anayejua jibu si yule aliye juu ya genge, ni yule aliyekwisha ruka, na huyo hayumo kwenye picha. Nilimhurumia. Kisha nikakumbuka kwamba yeye akiumia ana meli ya kumrudisha kwao, mimi nitarudi na nini?


Jumamosi, 9 Desemba

Mnero. Tulipanda lori la kempu lililoleta mabati misheni, litaturudisha Jumatatu. Mama yuko shambani, matope hadi magotini, mtama wake wa kwanza umeanza kuota vizuri. Mwembamba zaidi. Au ni mimi niliyemwangalia kwa jicho la mtu anayeondoka.

Nilimwambia jioni, jikoni. Felisian alikaa nje nyuma ya ukuta, kama inavyompasa. Mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe wala hawasemezani, maneno yao yote hupita kwangu, hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri sana. Mama: "Mwambie mwenzio, huko kuna mtama?" Felisian anakohoa. Mimi: "Mama anauliza kuna mtama?" Felisian: "Mwambie mama, upo, na mahindi." Mimi: "Anasema upo." Mama: "Nimesikia." Karibu nicheke, na moyo wangu umejaa.

Hakukataa. Angekataa ingekuwa rahisi, ningekasirika. Aliuliza tu, huyo mama wa Kizungu ni mtu gani? Nikamweleza, na karata nikamweleza. Nikamchorea yule kijana kwa kijiti kwenye majivu. Mama hakushughulika na genge, wala mbwa, wala ua. Akauliza, ule mzigo kamfungia nani?

Sikuwa nimefikiri hilo.

Akasema kijana wa umri huo hajui kufunga mzigo ukakaa vile. Kafungiwa na mtu wa nyumbani. Basi kwao wanajua kwamba anaondoka, wamekubali. Mtu huyo si mjinga. Mjinga ni anayeondoka kama mwizi, alfajiri, mikono mitupu.

Halafu akasema kesho jioni atamwaga unga. Ukisimama, twende wote wawili na baraka zake. Ukianguka, Felisian aende, mimi nibaki. "Mwambie mwenzio."

Kisha Felisian akasema, mwambie mama nimekubali. Nikageuka. Nilidhani atabisha! Yeye Mkristo wa kitabu, anayewacheka wenye hirizi! Lakini kwao Wamakua unga ni huo huo, hakuna aliyevuka Ruvuma bila kumwagiwa.

Mimi hakuna aliyeniuliza kama nimekubali.


Jumapili, 10 Desemba

Asubuhi misa, mama safu ya mbele, rozari mkononi. Jioni unga. Nilimwambia, mama, Padri akijua? Akasema Padri ana wazee wake kule kwao, na yeye ana wa kwake, na Mungu anawajua wote.

Unga wa mtama, alioutwanga mwenyewe, mkavu, mweupe. Akaumwaga chini kichwani pa kitanda chetu, polepole, ukipita kati ya vidole. Huku akiwataja — mamake, mama wa mamake, na wengine ambao mimi nilikuwa siwajui hata kwa jina. Akawaambia, mtoto wenu anataka kwenda mbali. Kama ni njema, uacheni usimame. Kama si njema, uangusheni. Kikatokea kichuguu kidogo chenye ncha. Akakifunika kwa chungu. Asiguse mtu, asubuhi anayefunua ni aliyemwaga.

Namwangalia Felisian, keshalala, anakoroma! Mtu ambaye maisha yake yamo ndani ya chungu. Nalala sasa, kichwa changu na chungu vinakaribia kugusana.


Jumatatu, 11 Desemba

Naandika haraka. Mama kaenda kisimani. Felisian kaenda misheni kuangalia lori.

Nimefunua.

Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa naona — kama kimeanguka, nijue kabla yao, nipate kuutengeneza uso wangu. Basi hilo tu. Chumba bado kina giza, nikainua chungu kwa upande mmoja, nichungulie. Ukingo ukakwaruza kitu. Nilipofungua mlango mwanga ukaingia, unga uko chini, umetawanyika!

Ulikuwa umeanguka kabla? Au nimeuangusha mimi? Hakuna wa kuniambia. Wazee wamesema neno lao usiku kucha nami nimelifuta kwa ukingo wa chungu. Yule kijana wa Memsabu, mjinga, angalau hakutazama chini. Mimi nilitazama!

Nilikaa sakafuni. Ningeweza kuuacha vile vile. Ulikuwa umeanguka, si ungesema baki? Ningebaki, nikapanda na mama, na hakuna ambaye angenilaumu, wala Felisian. Ilikuwa rahisi hivyo. Kuufunika tu.

Mikono yangu ikaanza kuukusanya. Sikuiambia. Nikaukusanya wote, nikaumwaga tena kati ya vidole kama nilivyomwona mama. Mara ya kwanza ukaporomoka. Mara ya pili ukasimama. Nikaufunika.

Sasa najua kitu ambacho sikukijua jana. Nataka kwenda. Mungu wangu, nataka kwenda! Na nimekijua kwa njia ya wizi.

Mama anarudi, nasikia ndoo.

*

Bado asubuhi. Nimeingia ndani nikasema nakunja nguo.

Mama alinawa mikono kwanza. Akaniita nisimame pembeni yake. Akainua chungu kwa mikono miwili, wima, wala hakigusi popote — hivyo ndivyo kinavyoinuliwa. Kichuguu kipo. Kimesimama. Mimi nakiona kibaya, kifupi, kipana chini, upande mmoja kina alama ya kidole changu wazi kabisa. Mama alikitazama muda mrefu. Nilitaka aseme neno. Nilitaka nipigwe hata kofi.

Akachukua pindo la kanga yake, akanishika mkono, akanifuta unga kwenye kifundo. Taratibu, kama alivyokuwa akinifuta uji nilipokuwa mdogo.

"Changu kilikuwa kirefu kidogo," akasema.

Nikasema, mama. Akanikatiza. Akasema kwa sauti ya kawaida, ya kuagiza chumvi, "Mwambie mwenzio kimesimama." Akatoka akaenda kuchochea moto.

Felisian kumbe alikwisha rudi. Yuko nyuma ya ukuta, namsikia anavyokanyaga huku na huku. Kamsikia mama, lazima, hata lile la changu kilikuwa kirefu, ukuta wenyewe ni wa fito. Lakini neno la mama si lake mpaka limepita kwangu. Anauliza, "Magreti, mama anasemaje?"

Mama anapuliza moto kama hasikii.

Ameuliza tena. Analo swali lingine, kalitoa polepole, kama kawaida yake — anataka nimwulize mama kama kimesimama chenyewe.