Fundi Rangi wa Mnyambe

Ngamiani, Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Salima anayekusomea barua hii asiende mbio, nataka unisikie vizuri. Miguu inaendeleaje? Bado unashuka mwenyewe bondeni kuteka maji, au sasa unawaachia wajukuu? Sisi huku hatujambo. Saidi alikuwa na homa, imepita, na sasa anakula kuliko baba yake.

Habari za Baba Saidi najua ulishazipata kwa mjomba, kwamba amepunguzwa kiwandani pamoja na wenzake wengi. Tangu siku ile alikuwa hatoki ndani ila kwenda msikitini. Tukaona chumba cha mbele tukipangishe, maana nyumba hii ya marehemu baba yake ndiyo iliyotubakia. Lakini chumba chenyewe, Mama! Rangi ya zamani ilikuwa inabambuka ukuta mzima. Ukilala mle unaamka na magamba ya kijani kichwani, na Saidi nilishamkuta anayatafuna.

Tukamwita kijana mmoja fundi rangi. Siku hizi madukani rangi zimejaa, si kama zile siku za kununua kwa kibali. Ukitaka ya waridi utapata. Akasema, "Usihangaike, Mama Saidi, hii tunapiga juu kwa juu." Akapiga juu kwa juu, chumba kikapendeza. Iliponyesha mvua kubwa ya kwanza, rangi mpya ikavimba malengelenge, ikaanguka pamoja na ile ya zamani. Kijana hatukumwona tena.

Ndipo jirani akatuletea fundi mwingine, Mzee Chilumba. Yeye kopo hakulifungua, alianza kukwangua. Ikatoka kijani, chini yake bluu, chini ya bluu chokaa. Nilipoiona ile chokaa nilisimama na ufagio mkononi. Nilikuona wewe, Mama, umepiga magoti unasiliba ukuta wetu kwa udongo mweupe, kiganja kinazunguka polepole, na sisi tunagombezwa tusichezee maji, maana yote yalipandishwa mlima kichwani. Nikakumbuka ukuta ule ulivyonukia ukiwa mbichi, na mizizi ya ming'oko inachemka uani. Huku ukuta mbichi unanuka tina tu, ile dawa ya kuzimulia rangi.

Nikiwa katika mawazo hayo, Saidi akaokota gamba akatia kinywani. Nikamkaripia kwa Chimakonde, kama ulivyokuwa ukitukaripia sisi. Juu ya ngazi, kukwangua kukakoma.

"Wewe mwanangu ni wa wapi?" akaniuliza mzee.

"Newala, Kitangari."

Akashuka, akakaa juu ya debe. "Mimi wa Mnyambe, Newala hiyohiyo," akasema, na hiyo ilikuwa kwa Chimakonde, kizito, cha watu wa zamani.

Mama, mzee huyu aliletwa Tanga angali kijana kuja kukata mkonge. Mkataba ukiisha anaingia mwingine, mpaka mashamba yakafungwa, akashika brashi. Hajarudi hata mara moja. Aliniuliza mikorosho ya njia ya Mnyambe kama bado ipo, na kama ukungu wa asubuhi bado unafunika bonde lote mpaka huoni pa kukanyaga. Nilijibu nilichoweza.

Nikamwuliza kwa nini asiende kwao. Akacheka kidogo. "Wenzangu walirudi na baiskeli, wengine na cherehani. Mimi nirudi na brashi?"

Baba Saidi alikuwa mlangoni, sikujua kama anasikiliza. Akasema, "Mzee, mimi nimepunguzwa kazini, najificha humu ndani majirani wasinione. Tukingoja mpaka tuwe na cha kuonyesha, tutazikwa na wageni."

Mzee akamnyooshea msasa, na Baba Saidi akaupokea. Wakasugua ukuta pamoja mpaka jioni, na kesho yake pia. Chumba sasa kimepata mpangaji, mwalimu mpole, na rangi haijatikisika pamoja na mvua zote hizi. Baba Saidi anakwenda kazini na mzee kila asubuhi. Anarudi na matone ya rangi hadi kwenye kope, na anapiga mluzi.

Nisalimie Mjomba Hassani huko Masasi, na hao wanunuzi wapya wa korosho asikubali wampimie, apime mwenyewe kwanza. Nisalimie mwalimu wangu wa Lulindi aliyenishika mkono nikajua kuandika, na shangazi, na Salima mwenyewe anayesoma.

Salamu ya mwisho si yangu. Mzee Chilumba ana dada yake Mnyambe, mdogo wake, anaitwa Asumini. Alimwacha msichana mdogo. Mtume mtu akaulize. Kama yupo, aambiwe kaka yake anakuja pamoja nami korosho zitakapoanza kuanguka, amekubali. Kama hayupo, Mama, usiniandikie. Mwache mzee afike kwanza, alie akiwa nyumbani.

Akupendaye daima,
mwanao Zaituni, Mama Saidi